Nani Aling'oa Mitiki ya Agripina?

Agripina alijua kuna jambo limeharibika kabla hajautua hata mkoba begani. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Machi 2007, msimu ule wa Guangzhou ambapo kuta zinatoka jasho na nguo zinashinda kwenye kamba siku nne bila kukauka. Alifungua kufuli la banda la miche, akawasha taa, akaenda moja kwa moja hadi meza ya mwisho, ambako mitiki yake kumi na miwili huwa imesimama wima na majani yake mapana. Leo yote ilikuwa imelegea. Majani yalining'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

"Shifu Liang!" aliita. "Shifu, njoo uone!"

Liang, mzee mtunza banda, alikuja mbio akiburuza ndara zake. Kwenye kituo hicho cha utafiti wa misitu wote walimwita shifu, yaani fundi. Alipoona meza ile alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nilimwagilia Jumamosi jioni," alisema. "Jana Jumapili sikuja, ni siku yangu ya kupumzika. Nilipoondoka ilikuwa mizima kabisa."

Agripina alichovya kidole kwenye kopo la kwanza. Udongo ulikuwa mbichi. La pili, mbichi. Sasa mche unanyaukaje na maji unayo? Alishika shina la mmoja akauvuta kidogo tu, na mche ukatoka mzima mzima bila ubishi, mizizi ikiwa haijaushika udongo hata kidogo.

"Shifu," alisema polepole, "huu umepandwa hapa jana. Hii si miche yangu."

"Kibandiko ni chako."

"Kibandiko ndiyo. Mche siyo."

Nani angemwamini? Kwa macho, mche wa mtiki wa mwaka mmoja ni sawa na mwenzake, kama mayai ya kuku mmoja. Lakini mitiki ile kumi na miwili haikuwa ya kuokota. Agripina, binti wa Bukoba, alikuwa na miaka mitatu Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, na miaka hiyo yote aliimalizia hapo. Alikuwa ameotesha mamia ya miche kutoka mbegu za Muheza, Tanga. Kila mche aliukata kipande kidogo cha jani, akakipeleka maabara, akasoma alama zake za vinasaba, yaani ile saini ambayo kila mti huzaliwa nayo na hauwezi kuibadilisha. Zamani mtu alipanda mtiki akangoja miaka ishirini ndipo ajue kama utanyooka au utapinda. Kwa alama hizo Agripina alijua mti ukiwa bado unamfika magotini. Katika mamia yale, ni kumi na miwili tu iliyobeba alama zote za kukua haraka na kunyooka. Ijumaa kamati ilikuwa ije kuikagua na kuipima upya mbele ya macho yake. Bila miche hiyo hakuna shahada. Na Muheza, ambako vipandikizi vyake viliahidiwa kurudishwa kwa mkataba, wasingepata kitu.

"Kufuli halijavunjwa," Liang alisema kutoka mlangoni. "Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi. Mwingine unao wewe."

Mchana Agripina alirudi bwenini kichwa kikimwuma. Aliutundika ufunguo wake kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ulipokaa siku zote. Maulida, aliyekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, alikuwa anakoroga uji kwenye jiko la umeme walilokatazwa kuwa nalo. Maulida alikuwa mtoto wa Muheza, naye msomi wa misitu, mwepesi wa kucheka. Watu waliwaona kama chanda na pete. Mmoja akipika, mwingine anaosha vyombo. Mmoja akiugua, mwingine hafumbi macho.

Aliposikia habari alimkumbatia Agripina kwa nguvu.

"Pole, shoga yangu! Jamani, watu wana roho mbaya! Nani kafanya haya?"

"Ningejua ningekuwa nimeshamkaba koo."

"Kunywa uji kwanza. Umekonda leo leo." Alimpa bakuli. Vidole vyake vilikuwa vimekolea hina, vyote, mpaka kiungo cha pili.

"Khe! Unaolewa bila kuniambia?" Agripina alijaribu kutania.

"Niolewe na nani huku? Nimejipamba tu, mvua hizi zimenichosha." Maulida alichukua kijiko akaendelea kukoroga. "Na yale mabuti ya shamba tuliyomnunulia mama yako nimeshayapeleka ghalani kwa Odhiambo tangu asubuhi, hilo usihangaike nalo. Kontena linafungwa Alhamisi jioni. Kaka yangu Pandu atayapokea Mombasa, ayapeleke Bukoba mwenyewe."

Agripina alimshukuru karibu machozi yamtoke. Siku kama ile, mtu akikukumbukia mabuti ya mama yako, unamwona malaika.

Jumanne alishinda maabara. Alikata jani kwenye kila mche ulionyauka, akasoma alama, akazilinganisha na zile za zamani. Hazikufanana hata moja. Zilifanana na za miche mingine anayoijua vizuri sana: ile aliyoikataa mwenyewe, iliyokuwa imerundikwa kwenye meza ya karibu na mlango ikingoja kutupwa. Kwa hiyo mwizi hakuwa mtu wa kupita njia. Alijua meza ya mwisho ina nini na meza ya mlangoni ina nini, na alijua kwamba miche ya kuziba pengo ipo humo humo.

Jumatano Profesa Deng, msimamizi wake, alimwita ofisini. Hakumkaribisha kiti.

"Iko wapi miti?"

"Imeibwa, Profesa. Hapa nina majibu ya maabara, yanaonyesha kwamba..."

"Majibu nimeyaona. Yanaonyesha miti haipo. Kufuli zima, ufunguo unao." Aligonga meza kwa kalamu. "Nimeambiwa ulisema utaibeba kwenda kwenu hata nikikataa. Ulisema au hukusema?"

Agripina alilikumbuka neno hilo. Alikuwa amesema, ndiyo. Alisema mwezi uliopita, chumbani, kwa mzaha, kwa Kiswahili, wakila ugali na samaki wa kukaanga. "Deng akinizungusha nitaivisha mitiki yangu kanga niipandishe ndege!" Walicheka watatu. Yeye, Maulida, na Respicius.

"Nani amekuambia?"

"Mtu anayekitakia kituo mema. Ijumaa kamati ikija na miti haipo, nitawaambia umeiuza. Utafukuzwa, na la polisi litafuata. Mzee Liang naye ataondoka, kwa uzembe."

Alitoka akiwa amevimba kwa hasira. Respicius! Nani mwingine? Respicius alikuwa wa kwao Kagera, walisoma maabara moja, na tangu Agripina aipate mitiki yake kumi na miwili jamaa alikuwa anamsalimia kwa kubana meno. Tena Liang alishamwambia kwamba mlinzi wa geti alimwona Respicius Jumapili jioni akitokea upande wa banda, ameshika mfuko wa plastiki.

Alimkuta kwenye ngazi za maabara.

"Respicius, Jumapili ulikuwa bandani unafanya nini?"

"Mimi? Sikuwa bandani."

"Umeonekana! Na mfuko mkononi! Miti yangu umeiweka wapi?"

Respicius alitazama huku na huku, akamshika mkono akamvuta pembeni.

"Punguza sauti, dada, utanimaliza. Nina matembele."

"Una nini?"

"Matembele! Nyuma ya banda, nje ya wavu, nimepanda tuta moja la viazi. Ni kinyume cha sheria za kituo, najua. Lakini mimi kabichi za kantini zimenishinda, Agripina. Kila Jumapili nachuma majani nakwenda kupika. Ndiyo huo mfuko."

Agripina alimkazia macho. Mtu mzima, anasomea udaktari wa falsafa, anatetemeka kwa ajili ya mboga. Kama si machungu aliyokuwa nayo angeangua kicheko.

"Twende ukanionyeshe."

Tuta lilikuwepo kweli, limestawi, limepaliliwa kwa mapenzi. Respicius alionyesha pipa la mboji lililokuwa hatua chache kutoka hapo.

"Na wewe, kwa nini uliikata vichwa ile mitiki yako?" aliuliza. "Nilipokwenda kutupa magugu nikakuta vichwa vya mitiki vimejaa humo, vibichi kabisa. Nikasema huyu dada kaanza kupogoa siku hizi."

"Vichwa vya mitiki?"

Hakungoja jibu. Aliinamia pipa akachakura kwa mikono mitupu. Chini ya magugu ya Respicius alivikuta: vichwa kumi na viwili vya miche, majani machanga bado yakiwa nchani, vimekatwa kwa mshazari na kisu kikali. Pamoja navyo kulikuwa na rundo la nywele za mizizi, nazo zimekatwa safi.

Hapo Respicius mwenyewe alishtuka. "Mtu anaiba mche halafu anatupa majani yake na mizizi yake? Anabaki na nini?"

"Anabaki na kisiki," Agripina alisema.

Mtiki ndivyo ulivyo. Ukiukata juu ukaacha vidole viwili tu vya shina, ukaunyoa mizizi midogo ukabaki na ule mnene, unapata kijiti cha urefu wa shubiri na nusu, unene wa kidole gumba. Hakina jani wala udongo, ukikiona utadhani kuni. Ukikifunga kwenye maranda mabichi kinasafiri wiki nyingi, na siku ukikipanda kinachipua kama hakijawahi kuguswa. Huko kwenye vitalu vya Muheza ndivyo mtiki unavyosafirishwa miaka nenda rudi. Kituoni hapa hakuna aliyefanya hivyo. Wao mche ulitoka kwenye kopo ukaingia kwenye kopo. Walinzi walikuwa wanapekua magari wakitafuta makopo na majani, na kumbe miti yote kumi na miwili ingeweza kupita getini ndani ya mkoba wa kike.

Aliondoa majani machache ya kwenda kupima, akayakunja kiganjani, akakimbia maabara. Alipofika bombani kunawa, maji yalitiririka mekundu. Alidhani amejikata. Akasugua kwa sabuni, akasugua tena. Vidole vilibaki vyekundu, wekundu wa zambarau uliokolea. Miaka mitatu alikuwa ameshika majani ya mtiki kwa glavu tu, na kwao Bukoba mtiki si mti wa kawaida. Hakuwahi kujua kwamba jani lake changa likipondeka linatia rangi.

Lakini alishawahi kusikia. Mtu fulani alimsimulia, akicheka, jinsi wasichana walivyokuwa wakipaka midomo kwa majani ya mtiki wakienda shule, na mwalimu anawachapa. Wasichana wa Muheza.

Agripina alifunga bomba. Alisimama akitazama vidole vyake, na moyo ukakataa. Hapana. Hina ni hina. Watu wanapaka hina. Usiku ule alilala kitandani kwake, mita moja kutoka kwa Maulida, mikono ameificha chini ya shuka. Maulida alimuuliza mara mbili kama amekula.

Alhamisi asubuhi majibu yalitoka. Vichwa vya kwenye pipa vilikuwa vya miti yake, alama kwa alama. Visiki lazima visafiri na mzigo wa mtu, kwa hiyo alipanda basi kwenda Zhanxi.

Barabara ya Zhanxi, pale karibu na stesheni, huwa haina pa kuweka mguu. Mikokoteni ya viatu inakupitia kisiginoni, watu wanapigana bei kwa lugha zote za dunia, na mwaka ule biashara ilikuwa imekolea kiasi kwamba hata kwenye ngazi za maghala walilala watu na mizigo. Odhiambo, mfanyabiashara wa Nairobi, alikuwa ghalani kwake na makaratasi mkononi. Juu ya marobota alikuwa amekaa Mama Abass, mwanamke wa Mombasa anayeuza madera, anakunywa chai ya mkebe.

"Odhiambo, nakuuliza, na unijibu kama kaka yangu. Umebeba miti?"

"Miti? Meiyou, sista, hakuna. Mimi nabeba viatu na jeans. Miti ya nini?"

"Mwezi jana ulikuja kituoni ukamuuliza Maulida habari za miche."

"Niliuliza mikaratusi ya nguzo za stima! Mjomba wangu ana shamba Kisii." Odhiambo alitupa makaratasi mezani. "Eti sasa mimi ndiye mwizi? Fungua robota lolote unalotaka, niko hapa. Lakini saa tisa gari linakuja na laoban, huyu bosi wa ghala, hanisubiri."

"Muache kijana wa watu," Mama Abass alisema. "Na wewe mbona vidole vyako vimekuwa kama vya mwenzio? Nyote mmeshika wino?"

Agripina aligeuka taratibu. "Wino gani, Mama Abass?"

"Yule shoga yako wa Tanga. Kaja kwangu hotelini Jumapili baada ya magharibi, anataka hina. Nikamwambia, mwanangu, wewe mwari, hina ya mpaka kiungo cha pili ni ya bibi harusi, utasemwa. Ningekutia nukta mbili kiganjani ingetosha. Akang'ang'ania, nipake Mama, nipake vidole vyote. Kumtazama, vidole vyenyewe tayari vyekundu. Nikamuuliza umeshika nini, akasema wino umemwagika. Wino gani hautoki kwa sabuni? Nikampaka, basi, mtoto wa watu."

Mtu anaweza kuwa amelijua jambo tangu jana na bado likamchoma upya. Agripina aliketi juu ya robota. Alikumbuka ufunguo kwenye msumari, na yeye Jumapili nzima alikuwa kanisani kisha maabara. Alikumbuka ule ugali wa watatu. Kisha akakumbuka kitu kingine.

"Odhiambo. Mabuti ya mama yangu yako wapi?"

"Yale ya mpira? Maulida aliyaleta Jumatatu. Yale pale, jozi mbili. Jina lako nimeliandika mwenyewe kwenye fomu ya forodha. Agripina, mtumaji."

"Nipe kisu."

Mabuti yalikuwa mazito kuliko siku walipoyanunua. Agripina aliukata utepe, akaingiza mkono kwenye buti la kwanza, akatoa soksi, kisha gazeti, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Ndani yake, kwenye maranda mabichi, vililala visiki vitatu. Buti la pili, vitatu. La tatu, la nne. Kumi na viwili.

"Mungu wangu," Odhiambo alinong'ona. "Hii ingeshikwa Mombasa, si ungefungwa wewe? Na mimi kando yako!"

Agripina alitoa simu akampigia Profesa Deng, akamweleza kwa maneno machache, akamwomba aje na Shifu Liang. Kisha akampigia Maulida. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa utulivu.

"Mdogo wangu, niko Zhanxi kwa Odhiambo. Anasema mzigo wa mama umezidi uzito. Nataka nifungue nipunguze jozi moja."

"Usifungue," Maulida alisema. "Nakuja. Usifungue, Agri, nitaupanga mimi."

Alifika kwa teksi, yeye ambaye hata mvua ikinyesha hupanda basi. Hakuwa na mtandio. Alikuwa bado amevaa koti jeupe la maabara. Alisimama mlangoni mwa ghala, akaona mabuti yamelala ubavu na visiki vimepangwa kwenye gazeti.

"Kaa," Agripina alisema.

"Agri, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miaka mitatu. Ulichukua ufunguo wangu Jumapili nikiwa kanisani?"

"Ndiyo."

"Ukakata miti yangu, ukapanda takataka mahali pake, ili nigundue mzigo ukiwa umeshafungwa."

"Nilidhani itashika. Nilidhani hutagundua mpaka Ijumaa, kamati ikipima." Maulida alifuta pua kwa mkono wa koti. "Pandu anafanya kazi kwenye kampuni ya mashamba ya miti huko Tanga. Bosi wake aliahidi, nikileta miti hii napewa ukuu wa kitalu. Mimi, Agri! Masomo yangu yanaisha Juni, sina matokeo, sina kitu. Baba yangu ndiye alitunza ile mitiki mama iliyotoa mbegu zako. Miaka thelathini anaifyekea, anailinda na moto. Jina lake umeliandika wapi? Wewe ndiye unaalikwa mikutanoni, unapigwa picha."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Hilo la baba yako! Ungeniambia tukiwa tunakula!" Agripina alisimama, na sasa sauti ilipasuka. "Ningeliandika jina lake ukurasa wa kwanza! Miti yenyewe inarudi Muheza, mkataba unasema hivyo, umeusoma kwa macho yako! Kwa nini jina langu kwenye mzigo? Kwa nini ulikwenda kwa Deng?"

Maulida aliinamisha kichwa. Mama Abass aliweka mkebe wa chai chini, hakuumaliza.

"Niseme kweli? Lazima awepo mtu wa kushukiwa. Nikafikiri kama ni Liang, atafukuzwa, ana wajukuu. Kama ni mimi, nimekwisha. Wewe una jina, profesa anakupenda, nikasema watamkaripia tu, watamsamehe. Na ulishasema kwa kinywa chako kwamba utaibeba."

"Nilikuwa nacheka na wewe, Maulida."

Profesa Deng aliingia saa nane na nusu, amelowa mvua, Liang nyuma yake. Liang alipoona visiki alipiga magoti kwenye sakafu ya ghala, akavishika kimoja kimoja, akakwaruza ganda kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa kijani. Alianza kulia bila kujificha.

Profesa alimtazama Maulida. "Ni wewe uliyekuja ofisini kwangu. Sasa eleza."

Maulida alikijua Kiingereza, na Kichina cha kuombea bei alikuwa nacho. Lakini pale ghalani alifungua kinywa akasema Kiswahili tu, akimwangalia Agripina, na Agripina alielewa mara moja. Alikuwa anategemea kwamba maneno yakipita kwake yatalainika. Mwenzake atayapunguza makali, atatafuta namna, kama alivyokuwa akimtetea kwa walimu akichelewa kuleta kazi.

"Anasema nini?" Profesa aliuliza.

Agripina alivuta pumzi akaanza kutafsiri. Kila kitu alikisema kama kilivyosemwa, na kwa kuwa mkalimani husema kama yule anayemtafsiria, ilimbidi aseme mimi.

"Mimi nilichukua ufunguo wa Agripina. Mimi nilikata miti. Mimi nilikuambia uongo juu yake. Niliandikisha mzigo kwa jina lake ili ukikamatwa akamatwe yeye."

Sauti haikumtetemeka mpaka alipofika kwa yule baba wa Muheza. Hapo alisimama kidogo, kisha akalisema nalo lote, miaka thelathini na moto na kufyeka, kwa sababu lilikuwa kweli. Profesa aliitikia kwa kichwa, hakuandika kitu.

Maulida alikuwa sasa analia kwa kwikwi. Alimshika Agripina mkono kwa vidole vyake vyekundu. "Agri, usinifanyie hivi. Mwambie tulielewana vibaya. Mwambie chochote. Wewe ni ndugu yangu, huku sina mwingine."

"Na sasa anasema nini?"

Odhiambo aligeukia ukutani. Nje mkokoteni ulipita ukigonga ngazi, na mtu akapiga kelele watu wapishe.

"Anasema mimi ni ndugu yake," Agripina alitafsiri. "Anaomba nikudanganye ili aokoke."

"Ni ndugu yako kweli?"

Agripina alimtazama Maulida, yule aliyemkorogea uji Jumatatu mchana, huku mabuti yakiwa yameshafungwa.

"Alikuwa," alimjibu Profesa. "Mimi sikujua kwamba undugu umekwisha."

Alitoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Maulida, akaenda kupiga magoti kando ya Shifu Liang, wakaanza kuvirudisha visiki kwenye maranda.